Rika la Stoo ya Vitunguu

Mwezi wa nane uliopita tulikutana Kajiado mjini, kwenye sherehe ya kumuaga Madam Naisiae aliyekuwa anastaafu ualimu. Tulilishwa nyama choma, tukapewa soda, halafu mshereheshaji akaniita mbele niseme kwa ufupi jinsi mpango wa washauri rika ulivyoanza katika shule yetu ya zamani kule Kitengela. Nilisema yale yanayosemwa siku kama ile: kwamba Madam alikuwa mtu wa maono, kwamba sisi wanafunzi tulimuunga mkono, kwamba leo ukizunguka shule nyingi utakuta wanafunzi wanaosikiliza shida za wenzao. Watu wakapiga makofi. Madam mwenyewe, shanga shingoni na kitenge kipya, alikuwa ananitazama kwa pembe ya jicho. Niliporudi kuketi akaninong'oneza, "Umewaambia ni kama kulikuwa na mpango." Nikacheka hadi soda ikanipalia. Mpango ulikuwepo, hilo nalikubali, lakini hakuna hata kipande chake kimoja kilichotokea vile kilivyopangwa. Nimekaa na maneno yake tangu siku ile, na nimeona heri niandike mambo yalivyokuwa kabla sisi tunaoyakumbuka hatujaanza kuagwa mmoja mmoja.

Nilikuwa kidato cha tatu, miaka ya mwanzo ya elfu mbili, katika shule ya kutwa iliyokuwa ukingoni mwa mtaa wa Noonkopir, pale nyumba za mawe zilipokoma na mbuga ikaanza. Wakati wa kiangazi pundamilia waliingia uwanjani kumalizia nyasi kidogo tulizokuwa nazo, na mwalimu wa michezo alihesabu kazi ya kuwafukuza kuwa sehemu ya mazoezi. Muhula wa kwanza wa mwaka ule tuligoma kwa sababu ya githeri iliyokuwa na wadudu kushinda maharagwe. Tulivunja vioo vya jikoni, tukaimba, tukarudishwa nyumbani, na huko wengi wetu tukakuta githeri ile ile sufuriani. Tulipoitwa tena, mkuu wa shule alitusimamisha gwarideni na kutuambia amefikiri sana na kugundua kwamba shida yetu si chakula, bali ni kukosa mtu wa kuongea naye. Sisi tulijua shida ilikuwa chakula. Lakini mtu akishagundua jambo mbele ya shule nzima, humwezi. Akamtuma Madam Naisiae, mwalimu wetu wa Kiswahili, aende semina Kajiado, na Madam akarudi na mabango makubwa ya karatasi, kalamu za rangi, na agizo la kuchagua wanafunzi watakaowashauri wenzao.

Alinichagua mimi kwa sababu, alivyosema, nilikuwa mtulivu. Ukweli ni kwamba nilikuwa na jino bovu mwaka ule na kuongea kuliniuma. Mwenzangu alikuwa Lemaiyan, aliyekuwa mkubwa kuliko sisi sote kwa kuwa alianza shule akiwa amekwisha kuchunga miaka mingi. Alikuwa na ndevu, na walimu wapya walikuwa wanamsalimia kwa heshima wakidhani ni mwalimu mwenzao. Alipoambiwa amechaguliwa alisema wazi, "Madam, mimi sipendi shida za watu." Madam akamjibu, "Ndiyo maana nimekuchagua. Hutazibeba uende kuzisambaza."

Mafunzo yalikuwa Jumamosi, darasani, tukiketi wawili tukitazamana kama watu wanaopigwa picha. Madam alitufundisha kumtazama mtu machoni, kutikisa kichwa, kutomkatiza, na kutompa ushauri hata kidogo, jambo ambalo lilitushangaza kwa kuwa tulikuwa tunaitwa washauri. Kubwa kuliko yote, mtu akisema jambo, umrudishie maneno yake ili ajue amesikika: "Nakusikia ukisema kwamba..." Tuliambiwa tufanye mazoezi kila mahali. Mimi nilianzia jikoni, kwa Mama Katumbi mpishi, ambaye alikuwa anapuliza moto huku akinung'unika.

"Kuni zimelowa," alisema.

"Nakusikia ukisema kwamba kuni zimelowa."

Akainua kichwa kutoka kwenye moshi. "Kama umesikia, nenda ulete kavu."

Lemaiyan ndiye aliyeshika mafunzo kupita kiasi. Watu walimwambia "Sopa" kwa salamu, naye badala ya kuitikia "Ipa" kama Mmaasai yeyote, alikuwa anawatazama machoni na kusema, "Nakusikia ukisema sopa." Wiki ile alipoteza marafiki kadhaa.

Chumba tulichopewa kilikuwa stoo ya nyuma ya jiko. Kati yetu na Mama Katumbi kulikuwa na ukuta wa mbao ambao haukufika juu, na kila asubuhi yeye alikuwa anakata vitunguu vya shule nzima upande wa pili. Ule ukali ulipanda, ukavuka mbao, ukatushukia sisi. Kwa hiyo kila aliyeingia mle alitoka anapangusa macho. Msichana wa kidato cha kwanza alikuja kuuliza kama tumeona sweta lake, akatoka analia, na kufikia jioni habari zilikuwa zimeenea kwamba wale washauri wana nguvu fulani, ukiketi mbele yao hata kidogo tu, moyo wako unapasuka. Baada ya hapo hakuna aliyekuja. Ila mkuu wa shule peke yake. Alikuja kukagua, akaketi juu ya gunia akatuuliza maswali mawili, kisha akatoa leso. Gwarideni kesho yake aliwaambia walimu kwamba amejionea mwenyewe kwa macho yake, na mpango huu ni wa kina sana.

Kisha kukawa na mkutano wa wazazi. Mzee Parmuat, mjumbe wa bodi ya shule, mtu aliyekuwa hakosi mkutano na hakubali mkutano uishe, alisimama na fimbo yake akasema, "Nimesikia mmefungua rika hapa. Nani aliwapa ruhusa?" Mkuu wa shule akacheka kidogo, akamweleza kwamba hiyo ni rika ya ushauri tu, maana yake watoto wa umri mmoja. Mzee hakucheka. "Rika ni rika. Sisi tukifungua rika, wazee wanakaa wanakubaliana, ng'ombe anachinjwa. Nyinyi mlikaa na nani? Mlichinja nini?" Wazazi wa Kikamba, mama yangu akiwemo, walikuwa wanatazamana kama wageni kwenye matanga. Madam Naisiae akainuka, akamwinamishia kichwa mzee ili amguse kama mila yao inavyotaka, akamweleza kwa Kimaasai kwa muda mrefu. Mzee akasikiliza, kisha akarudi kwa Kiswahili ili sote tusikie.

"Kuna wasichana ndani ya hii rika?"

"Wako, mzee."

"Na Wakamba wako?"

"Wako."

Wote hao walikuwa mimi peke yangu. Mzee alilitazama paa. "Basi ni rika ya ajabu. Lakini mmeshafungua, na rika haifungwi ovyo ovyo. Iko na sheria gani?" Madam akaanza kusoma kutoka kwenye bango lake: usiri, heshima, kutohukumu. Mzee akapunga mkono. "Hizo ni za karatasi. Sheria ya rika ni kwamba mtu hali peke yake. Mkikula kila mtu na sahani yake kwa kona yake, nyinyi si rika, nyinyi ni watu mnangoja gari." Akakataa kuketi mpaka sheria hiyo iandikwe. Madam akaiandika kwa kalamu nyekundu, chini kabisa, na tangu siku ile mimi na Lemaiyan tukawa tunakula chamcha kwenye sinia moja. Lemaiyan alikuwa anakula kama mtu anayezima moto. Nilikonda.

Sasa nimtaje Musyoka, kwa sababu bila yeye hakuna cha kusimulia. Alikuwa kidato chetu, mwembamba, masikio makubwa, na kila darasa lina mtu kama yeye ila huyu wetu alikuwa na kipaji. Aliweza kumwiga mkuu wa shule akitembea kwenye matope. Tulipoanza ushauri alipata malisho ya mwaka mzima. Mwalimu wa hesabu alikuwa hawezi kuandika kitu ubaoni bila Musyoka kutikisa kichwa kwa huruma na kusema, "Nakusikia ukisema kwamba X ni sawa na tano." Nilimchukia. Kwa hiyo alipokuja siku moja wakati wa mapumziko, uso mrefu, na kusema anataka kushauriwa, nilijua ni mchezo. Nilijua pia kwamba wavulana wa darasa letu wamejipanga chini ya dirisha, maana mmoja wao alikuwa na kikohozi. Lemaiyan alikuwa uwanjani na pundamilia. Nilikuwa peke yangu na mafunzo yangu.

"Karibu," nikasema. "Unaweza kuniambia jambo lolote."

"Nimependa mtu," akasema kwa sauti ya msiba.

"Nakusikia ukisema kwamba umependa mtu."

"Ni punda wa yule mzee wa maji."

Nje mtu alijiziba mdomo, kicheko kikamponyoka. Nikaamua sitampa raha ya kunikasirisha. Nikamtazama machoni. "Nakusikia ukisema kwamba umempenda punda."

"Lakini nyumbani itakuwa ngumu. Baba hawezi kukubali. Akirudi atanichapa."

"Nakusikia ukisema kwamba baba yako atarudi na atakuchapa."

Musyoka alifungua mdomo aendelee na punda wake, na hakuna kilichotoka. Kisha akasema, kwa sauti ambayo sikuwahi kuisikia kwake, "Sijasema atarudi."

"Umesema akirudi."

"Nimesema akirudi. Sijasema atarudi."

Machozi yakaanza kumtoka. Alijipangusa kwa mkono wa sweta haraka, akageuza uso kuelekea dirishani, akasema kwa nguvu ili wasikie, "Hivi vitunguu vyenu vitaua mtu." Na kutoka upande wa pili wa mbao, Mama Katumbi, ambaye hakuwa na habari ya kinachoendelea, akajibu, "Leo ni kabichi."

Hakuna aliyecheka, ndani wala nje. Musyoka akaketi juu ya gunia akaniambia yote, kwa sauti ya chini lakini si ya chini ya kutosha. Baba yake alikuwa dereva wa lori, barabara ya Namanga. Tangu Pasaka hakuwa amelala nyumbani. Utingo wake alimweleza Musyoka sokoni kwamba mzee ana mke mwingine kule mpakani, na mtoto mdogo. Musyoka hakumwambia mama yake. Badala yake, kila Ijumaa alikuwa anamletea salamu: baba amepiga simu dukani, anasema mzigo umekwama forodha, anasema karatasi hazijapigwa muhuri, anasema wakala amekuwa mgonjwa. Alikuwa ametunga forodha nzima kichwani mwake, na maafisa wake, na tabia zao, ili mama yake apate usingizi. "Sasa hadithi zimeniishia," alisema. Nilitikisa kichwa tu kama kenge. Mkono wa Mama Katumbi ukatokea juu ya mbao ukiwa na kikombe cha chai, ukamngoja akipokee, ukatoweka. Alikunywa yote. Kisha akafungua mlango akawakuta wale wavulana wamekaa chini ukutani, kila mmoja anatazama viatu vyake. Akawapita, akapita na lango la shule, hakurudi siku hiyo.

Lemaiyan alipofika alitukuta tumesimama kama watu waliovunja chungu cha wenyewe. Sikumwambia siri ya Musyoka, na hakuniuliza. Alitazama dirisha, akatazama vumbi kwenye magoti ya wale wavulana, akaelewa. "Mmesikia kitu ambacho si chenu," aliwaambia. "Mtu akisikia siri ya rika, kuna njia mbili. Ama yeye ni adui, ama yeye ni rika. Chagueni." Sijui kama hiyo ilikuwa mila ya kweli au aliitunga pale pale. Kesho yake saa ya chamcha walikuja wote watano na vijiko vyao wakaketi kuzunguka sinia letu, na yule wa kikohozi akaniuliza kwa unyenyekevu kama lazima kutikisa kichwa. Hivyo ndivyo kikundi cha washauri rika kilivyopata wanachama. Kwenye hotuba yangu ya Kajiado nilisema walijitolea.

Siku zilipopita bila Musyoka kuonekana, mimi na Madam tulikwenda kwao. Nilikuwa nimemwambia Madam tu kwamba Musyoka ana shida na mimi siwezi kusema shida gani, naye akasema vizuri, hata yeye hataki kuambiwa. Njiani tulikubaliana tutauliza kwa nini hajaja shule, basi. Mama yake alikuwa fundi wa kushona, nyumba ya chumba kimoja nyuma ya soko, cherehani mlangoni na sare za shule zimening'inia kila mahali kama watoto wasio na vichwa. Alitukaribisha, akatuwekea chai, akasema bila kuulizwa, "Musyoka ameenda Namanga kwa babake."

Nilishtuka hata mdomo ukajiendesha. "Nakusikia ukisema kwamba ameenda Namanga."

Mama Musyoka akamgeukia Madam, akaniita msichana kwa Kikamba. "Huyu mwiitu ako sawa?"

"Ako sawa," Madam akasema. "Anajifunza."

Akaendelea kukanyaga cherehani taratibu huku akiongea, kana kwamba anashona na maneno. Alikuwa anajua habari za yule mwanamke tangu kabla ya Pasaka. Musyoka alipoanza kuleta salamu za uongo, alishangaa, kisha akaelewa anachofanya. "Kila Ijumaa anakuja na yake. Ati ofisa wa forodha amefiwa. Mimi nasema pole, mwambie babako avumilie. Niliogopa akijua kwamba najua, atavunjika. Wakati mwingine naenda pale nyuma nacheka, maana huyo ofisa amefiwa mara nyingi sana." Akakata uzi kwa meno. "Ile siku alirudi mapema, macho mekundu. Akaniuliza, mama, unajua? Nikasema najua. Tukacheka kwanza. Halafu tukalia. Halafu nikampa nauli, nikamwambia enda umuone kwa macho yako, hiyo ni haki yako." Madam aliinuka, akaanza kukunja zile sare zilizokwisha kushonwa, moja juu ya nyingine, nami nikamsaidia, na tukaondoka zikiwa zimeisha. Njiani aliniambia tu, "Ile semina ya Kajiado hawakutufundisha kukunja."

Musyoka alirudi wiki iliyofuata. Alikuja saa ya chamcha moja kwa moja, akasimama mbele ya sinia. Lemaiyan akasogea akamwachia nafasi. Musyoka akaketi, akala vijiko kadhaa, halafu akaanza mwenyewe.

"Nilienda na hasira," alisema. "Nimepanga maneno njia nzima. Nikabisha. Yule mama akafungua, mtoto mgongoni, akaniangalia masikio. Akasema, 'Wewe ni Musyoka. Babako anasema unachekesha sana.' Nikasahau maneno yote."

"Halafu?" akauliza yule wa kikohozi.

"Halafu akapika pilau."

"Ukakula?"

"Nilikula nikiwa na hasira. Nikaongezwa nikiwa na hasira." Akachota kijiko kingine. "Mtoto ako na masikio kama yangu. Maskini."

Baba yake hakuwepo, alikuwa amevuka na mzigo upande wa Tanzania. Musyoka alilala kule siku moja, akamwachia ujumbe kwamba nyumbani Kitengela watu wote wanajua, asijisumbue tena kujificha, na mzigo umekwisha kutoka forodha. Hapo tulicheka, sote, hata yeye, na kicheko kile hakikuwa cha kumcheka mtu. Baada ya siku ile watu walianza kuja. Hawakuja stooni kwanza, walikuja kwenye sinia, wanasimama kando na sahani zao wakijifanya wanatafuta chumvi, na tukisogea wanaketi. Muhula wa tatu ulipoanza tulikuwa na masinia manne na Mama Katumbi akawa analalamika kwamba tunamkaushia masufuria. Mkuu wa shule alimwandikia mtu fulani wilayani kwamba ameleta amani shuleni kwa njia za kisasa.

Karibu na mitihani ya mwisho wa mwaka, nilikuwa stooni nikifagia, mtu mzima akainama kuingia mlangoni. Alikuwa amevaa koti zito, viatu vimepigwa rangi, na masikio yake yalinieleza ni nani kabla hajasema. Alivua kofia. Aliuliza, "Nimeambiwa hapa watu wanasikilizwa?"

Nilimwambia, kwa heshima zote, kwamba mpango ule ni wa wanafunzi.

"Mimi nilifika darasa la saba," akasema. "Nihesabu kutoka hapo."

Akaketi kwenye benchi, kofia magotini. Alitazama sakafu niliyofagia. Alianza kusema 'kijana', akaacha, akaanza tena kusema 'mama yake', akaacha. Nilingoja. Sikutikisa kichwa. Nilijua hakuna jambo lolote la kwangu mimi katika yale aliyokuwa anatafuta kusema, kwa hiyo nikaweka ufagio pembeni, nikamwomba anisubiri, nikakimbia darasani kumwita Musyoka. Alikuja pole pole nyuma yangu bila kuuliza anaitwa na nani. Alisimama mlangoni akamtazama baba yake.

"Lori umeacha wapi?" akauliza.

"Sikuja na lori. Nimetembea kutoka barabarani."

Musyoka akaingia akaketi upande mwingine wa benchi. Nikawafungia mlango, nikasimama nje upande wa dirisha nikiwafukuza wapita njia, na Mama Katumbi, bila kuambiwa, akatoka na beseni lake la viazi akaenda kumenyea chini ya mti wa uani. Kengele ililia, watu wakaenda kula, wakarudi. Walipotoka, Musyoka alipita akaelekea darasani akinyoosha sweta, hakuniangalia. Baba yake alisimama mbele yangu, akavaa kofia, akanipa mkono kwa mikono yake miwili kama mtu anavyompa mzee.

"Asante, mwalimu," alisema. "Umenishauri vizuri."